Msimbazi unahitaji mhandisi, mkemia na mwanahistoria

Kila masika jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi unapofurika, Barabara ya Morogoro inapofungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi kusimama, mabishano yale yale hurudi. Ndani ya daladala, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, mmoja anasema watu wamejenga mtoni wenyewe, wasimlilie mtu. Mwingine anajibu kwamba mto ndio uliowafuata watu, maana baba yake alipojenga palikuwa pakavu. Wa tatu anataka lije katapila lichimbe mchanga, mambo yaishe. Wa nne anasema pale hapana mto, kuna mtaro wa majitaka tu. Na yuko wa tano, anayeuliza kuna haja gani ya wanahistoria na wanaanthropolojia (wanaochunguza maisha na desturi za watu) wa vyuo vikuu kuandika habari za mito wakati watu wanazama. Swali hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu ukilijibu vizuri, yale manne ya kwanza nayo yanaanza kufunguka.

Tuweke maneno sawa kwanza. Watafiti wa mito hawaanzi na ule mstari wa maji tunaouona tukiwa juu ya daraja. Wanaanza na bonde la mto, yaani ardhi yote ambayo mvua ikinyesha juu yake, maji yasiyofyonzwa wala kukauka yataishia kwenye mto huo. Fikiria paa la nyumba na gata lake. Gata ni jembamba, lakini maji yanayopita humo ni ya paa zima. Anayetaka kujua kwa nini gata linafurika ataangalia pia ukubwa wa paa, mwinamo wake, na majani ya mwembe yaliyoziba njia. Mto ni gata, bonde ni paa.

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Unateremka kwa takriban kilomita 35 kupitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea matawi kama Luhanga, Ubungo na Sinza. Bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 250. Kwa hiyo mkazi wa Sinza au Ubungo ambaye hajawahi kusimama kando ya Msimbazi hata siku moja, maji ya bati lake na ya uani kwake yanaishia kwenye mto huu.

Hesabu yake ni nyepesi, na ingefaa kila mkazi wa jiji hili aijue. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Basi mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya kilomita za mraba 250, zimeshuka lita bilioni 25. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo ndiyo tegemeo kubwa la maji ya bomba Dar es Salaam, kwa pamoja ina uwezo wa lita milioni 466 kwa siku. Mvua ya siku moja ya namna hiyo ni sawa na kazi ya mitambo hiyo miwili kwa zaidi ya siku 50. Kule juu kukiwa na msitu, udongo hunywa sehemu kubwa na kinachobaki hufika chini polepole. Kukiwa na mabati, zege na viwanja vilivyoshindiliwa, maji mengi hayana pa kuzama na yanashuka yote kwa saa chache. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwahi kuipata kwa zaidi ya nusu karne. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Sasa tuje Jangwani kwenyewe. Pale ni uwanda wa mafuriko: ardhi bapa kandokando ya mto, ambayo mto wenyewe umeijenga kwa kumwaga tope na mchanga kila ulipofurika, kwa maelfu ya miaka. Mto unapoupanda uwanda huo haujapotea njia wala haujakasirika. Umerudi kwenye nafasi yake ya akiba. Kwa macho ya wataalamu wa haidrolojia, yaani wanaosoma mwenendo wa maji, mafuriko ni tabia ya kawaida ya mto. Maafa yanatokea pale tabia hiyo inapokutana na vyumba vya watu wenye watoto waliolala.

Hapo ndipo hoja ya katapila inapoonyesha upungufu wake. Mto haubebi maji tu, unabeba na mashapo: mchanga, tope, kokoto na takataka. Vilima vya Pugu, Kinyerezi na Ulongoni vina udongo wa kichanga unaomomonyoka upesi. Miti ikikatwa kwa mkaa, viwanja vikichongwa na barabara za vumbi zikiachwa bila mitaro, kila mvua inashusha shehena mpya. Mto ukiwa kwenye mteremko una nguvu ya kuibeba. Ukifika Jangwani mteremko unakwisha, kasi inapungua, na mto unautua mzigo wake papo hapo, chini ya daraja. Ukichimba shimo mahali hapo, maji yanatulia zaidi na mchanga unatua zaidi. Sisemi mto usichimbwe. Usipochimbwa kabisa hali inakuwa mbaya kuliko ilivyo. Nasema uchimbaji wa chini bila kuushika udongo wa juu ni kazi isiyo na mwisho, na fedha yake inatoka mfukoni mwa mlipakodi kila mwaka.

Mashapo hayo hayo ni kumbukumbu pia. Tazama ukingo uliokatwa wima na maji, mahali popote kati ya Kinyerezi na Tabata. Utaona mistari: mchanga mweupe, juu yake tope jeusi, halafu mchanga tena, na kati yake vipande vya rambo, ile mifuko ya plastiki, vimening'inia. Mtafiti anasoma ukuta ule mstari baada ya mstari. Mchanga wa chembe kubwa unamwambia maji yalikuwa na kasi, na tope laini linamwambia yalituama. Rambo nazo zinamsaidia kukadiria umri, kwa sababu tabaka lenye rambo ndani yake haliwezi kuwa la kale kuliko rambo zenyewe. Kwa njia hiyo anaweza kukisia mto ulipanda mara ngapi na kwa nguvu gani, hata kama hakukuwa na mtu wa kupima.

Kuna na bahari, ambayo kwenye mabishano yetu husahaulika kabisa. Wavuvi wa Feri na Msasani hawahitaji kuelezwa bamvua ni nini: zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Mvua kubwa ya Pugu ikifika Salenda wakati bahari imejaa kwa bamvua, mto unakuta mlango umefungwa, na maji yanarudi nyuma kuelekea Jangwani. Mvua ile ile ikifika saa ya maji kupwa, inaweza kupita bila kishindo. Ndiyo maana mvua mbili zenye milimita sawa huleta mafuriko tofauti, na watu hudhani kuna mkono wa mtu.

Dhana potofu inayonisumbua kuliko zote ni ile ya "mafuriko ya miaka 50" au "ya miaka 100". Mhandisi akisema daraja limesanifiwa kuhimili mafuriko ya miaka 50, wengi wanaelewa kwamba yakishatokea leo, hayarudi mpaka miaka 50 ipite. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 2 kati ya 100 za mafuriko ya ukubwa huo kutokea, na mwaka unaofuata nafasi ni zile zile 2, hata kama jana maji yalifika dirishani. Mtu akikaa miaka 30 katika nyumba iliyo kwenye eneo hilo, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni takriban 45 kati ya 100. Kwa mafuriko ya miaka 100, ni takriban 26 kati ya 100. Hiyo si hatari ya mbali. Ni maisha ya mzazi anayelea watoto mpaka waondoke nyumbani.

Tena hesabu hiyo inategemea kumbukumbu za zamani za mvua na mto. Paa likibadilika, yaani mashamba ya Kimara na Segerea yakigeuka nyumba, mafuriko yaliyokuwa ya miaka 50 yanaweza kuwa ya miaka 20 bila mvua kuongezeka hata tone. Mhandisi akitumia takwimu za jana kwa jiji la leo atajenga daraja fupi. Lazima ajue bonde lilibadilika lini na kwa kasi gani, na jambo hilo halipimwi kwa chombo cha kupimia maji. Linapatikana kwenye sensa, ramani, picha za zamani za angani na vinywa vya wazee. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria.

Naye ana mengi ya kutueleza. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742 Dar es Salaam. Ya 1967 ikakuta 272,821, ya 1978 ikakuta 843,090, na ya 2022 ikakuta 5,383,728. Jiji limekuwa na mipango mikuu ya 1949, 1968 na 1979, na huo wa 1979 uliyahesabu mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari. Kwa hiyo anayesema eneo lilijulikana kuwa si la kujenga anasema kweli. Lakini mwanahistoria haishii hapo. Anauliza nani alikwenda kuishi pale, na kwa nini. Anakuta bonde liko hatua chache kutoka Kariakoo, ambako kuna kazi ya leo kwa hela ya leo, na mtu anaweza kwenda kwa miguu. Viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache kuliko watu. Miaka ikapita, nguzo za umeme zikaingia mabondeni, mabomba yakaingia, wapangaji wakaongezeka, na kimya cha miaka mingi kikachukuliwa kuwa ruhusa. Ukishayajua hayo, kumwambia mtu wa Magomeni Suna au bonde la Mkwajuni kwamba alijitakia mwenyewe ni kuikata habari katikati.

Na yule anayesema mto ulimfuata baba yake? Naye anaweza kuwa mkweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini ukingo wenyewe hausimami mahali pamoja. Katika sehemu za juu, kama Ulongoni, maji yenye kasi hula kingo kila msimu, na nyumba iliyokuwa mbali inajikuta imening'inia. Wabishi wetu wawili hawapingani. Mmoja anazungumzia Jangwani, ambako watu waliingia kwenye uwanda wa mto, na mwingine anazungumzia juu, ambako mto umepanuka ukaingia kwa watu. Picha za angani za miaka iliyopita zikiwekwa juu ya ramani ya leo, kila mmoja ataonyeshwa penye haki yake.

Wa nne alisema Msimbazi ni mtaro. Nakataa, ingawa naelewa kwa nini anasema hivyo, kwa kuwa harufu pale Vingunguti siku ya jua inatosha kumfanya mtu aamini. Huu ni mto uliolipa jiji majina yake mazito: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, na Yanga ni Wanajangwani. Ni mto unaolisha watu mpaka leo. Asubuhi na mapema kandokando yake utawakuta kina mama na vijana wenye ndoo mbili mbili, wanateka maji na kumwagilia matuta ya mchicha, matembele na chainizi, na kabla jua halijawa kali mafungu yameshafika sokoni.

Hapa anaingia mkemia. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa kisayansi kuhusu mboga za majani zinazolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, uliopima metali nzito zikiwemo risasi, kadimi, shaba na zinki, na metali hizo zilikutwa ndani ya mboga. Tafiti nyingine zimefuata tangu wakati huo. Wengi wetu tunaamini kwamba maji yakiwa maangavu ni salama, na kwamba mboga ikioshwa na kuchemshwa vizuri imekuwa safi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jambo jema. Hakuondoi metali iliyopanda kutoka kwenye udongo kupitia mizizi na kukaa ndani ya jani. Wala haionekani kwa macho wala haisikiki ulimini. Lakini mkemia akiishia hapo, atakachopata ni tangazo la kupiga marufuku kilimo, na mkulima atasogea hatua 100 aanze tena, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anategemea nini. Swali hilo lina mtu wake, yule mwanaanthropolojia tuliyeambiwa anapoteza muda.

Jiji likitaka kuona jinsi mambo haya yanavyofungamana, litazame kusini kidogo, Rufiji. Aprili 2024, msimu ambao mafuriko na maporomoko nchini yaliua watu 155 kwa taarifa ya serikali bungeni, maji yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Huku mjini tukaanza kubishana: ni mvua au ni Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huo sehemu za juu? Swali liliulizwa vibaya. Bonde la Rufiji lina takriban kilomita za mraba 180,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, na lilikuwa likifurika zamani kabla hata bwawa halijawazwa. Bwawa lenye nafasi hupunguza mafuriko kwa kuyashika. Bwawa lililojaa halina pa kuyaweka, na kinachoingia lazima kitoke. Kwa hiyo mvua inaweza kuwa chanzo, na bado likabaki swali halali kuhusu maji yalifunguliwa lini, kwa kiasi gani, na walioko chini waliambiwa mapema kiasi gani.

Tena kwa Warufiji mafuriko hayajawahi kuwa balaa tupu. Wana kilimo cha mlau: maji ya masika yakishuka, wanapanda kwenye udongo wenye unyevu na rutuba mpya iliyoletwa na mto, na mazao yanakua bila mvua. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakaishi na kulinda mashamba maji yakiwa chini yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwahamisha wengi kutoka uwandani kwenda vijiji vilivyo kwenye ardhi iliyoinuka, kwa nia ya kuwaokoa na mafuriko, na watu wakaendelea kurudi mashambani mwao chini. Mpanga mipango asiyejua mlau anaona watu wakaidi. Anayeujua anaona kalenda ya kilimo iliyopangwa kwa kufuata mto.

Historia ya nchi yetu imepita kwenye maji hayo hayo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeenea sifa mwaka 1904, alisimuliwa kuwa alizama kwenye kidimbwi cha mto akapotea, kesho yake akaibuka na nguo kavu. Maji aliyotoa yaliwaunganisha watu wa makabila mengi katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wajerumani waliandika kwamba ni ushirikina wa washenzi. Ilipofika miaka ya 1960, mwanahistoria Gilbert Gwassa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwenda kuwasikiliza wazee waliokumbuka, na masimulizi yao yakaonyesha jinsi imani katika maji ilivyobeba ujumbe na umoja kutoka bonde hadi bonde. Profesa Felix Chami wa chuo hicho hicho naye alikuta kandokando ya Rufiji shanga zilizotoka ulimwengu wa Kirumi, ushahidi kwamba mto huo ulikuwa njia ya biashara karibu miaka 2,000 iliyopita. Yote haya ni utafiti wa mito, sawa na kupima mtiririko, na hayakupatikana kwa kuangalia maji peke yake.

Turudi nyumbani. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, unalenga kuinua daraja jipya Jangwani, kupanua na kuchimba mto, kuhamisha kaya na kutengeneza bustani ya jiji uwandani. Naunga mkono kuutazama mto kama bonde, kwa sababu ndiyo njia niliyoieleza hapa. Ila kuna jambo moja la kufanywa haraka. Tangu 2015, kupitia Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wenyeji walipita mitaani wakichora mitaro, nyumba na maeneo ambayo maji hufika, na ramani zile zilionyesha mambo ambayo ofisi hazikuwa nayo. Zilitoka kwa watu waliojua maji yalipopita kwa sababu walilala juu ya meza usiku wa mafuriko. Sasa nyumba za uwandani zinabomolewa na majirani wanatawanyika kila mmoja upande wake. Kila ukuta unaoanguka una mstari wa tope unaoonyesha maji yalifika wapi, na kila familia inayoondoka ina kichwani miaka ya mafuriko, kina cha maji na sababu zake. Vyuo vyetu vipeleke wanafunzi wa haidrolojia na wa historia pamoja, wenye futi ya kupimia na kinasa sauti, kabla kifusi hakijazolewa.